Namna ya Kupenyeza Chupa Melini Ukashindwa kwa Heshima

Mwongozo huu ni kwa ajili ya ndugu zetu wa Houston, Dallas na vitongoji vyake, ambao kila likizo ikikaribia hujikusanya watu ishirini, ndugu na marafiki wa ndugu, wakalipia safari ya siku tano ya meli ya kitalii kutoka Galveston hadi Cozumel, Mexico, na kurudi. Tiketi imelipwa kidogo kidogo tangu mwaka unaanza. Sare za vitenge zimeshonwa. Limebaki swali moja, nalo kwenye kundi la WhatsApp la safari huulizwa usiku wa manane, wazee wakishalala: "Jamani, na vinywaji inakuwaje?"

Vinywaji vipo. Meli ya kitalii ya siku hizi ni baa iliyofungwa injini. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria kutoka Miami Januari 2024, inachukua hadi watu 7,600, na humo ndani ni vigumu kutoka bwawa moja la kuogelea kwenda jingine bila kupita mbele ya kaunta. Kinachouma ni bei. Glasi moja ya kokteli ni dola 12 hadi 15, na juu yake huongezwa asilimia 18 au zaidi ya bakshishi kabla hata hujajua kama mhudumu anaistahili. Mtu aliyezoea mambo ya kuzungusha, leo mimi kesho wewe, akiagizia meza ya watu wanane mara moja tu, ameshavuka dola mia.

Hapo ndipo wazo linapozaliwa. Chupa kubwa ya vodka ya bei ya chini, ile ya lita moja na robo tatu, dukani Texas ni kama dola 20. Ndani yake mna toti 39 hivi za mililita 45. Toti hizo hizo ukizinunua melini kwa dola 12 moja, pamoja na bakshishi, ni zaidi ya dola 550. Hata aliyefeli hisabati darasa la saba hapa anaona mwanga.

Na hesabu hiyo ni sahihi, sitaki kumdanganya mtu. Ubaya wake ni kwamba wenye meli nao wanayo, na wao waliipiga mapema. Mwaka 2023 Carnival Corporation ilipata mapato ya dola bilioni 21.6, na zaidi ya bilioni 7 kati ya hizo hazikutokana na tiketi bali na vile abiria wanavyolipia wakishapanda: vinywaji, kamari, ziara za nchi kavu, intaneti na vikorokoro vingine. Ile tiketi uliyojisifu kuipata kwa bei ya kutupa ni kiingilio tu. Walikuuzia wakitegemea kiu yako. Wahenga walisema cha mlevi huliwa na mgema. Mgema wa huku hisa zake zinauzwa kwenye soko la New York.

Basi hatua ya kwanza ni kusoma sheria unayokusudia kuivunja, jambo ambalo wavunja sheria wengi hawalifanyi na ndiyo maana wanakamatwa wakivunja sheria ambayo haikuwa na haja ya kuvunjwa. Carnival na Royal Caribbean humruhusu kila mtu mzima, yaani aliyetimiza miaka 21 kwa safari za Marekani, kupanda siku ya kwanza na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 ambayo haijafunguliwa. Norwegian huruhusu mvinyo vilevile, ila unailipia ada ya kizibo ya dola 15 kwa chupa, kana kwamba umemwomba nahodha mwenyewe aje aifungue. MSC hawataki hata kukusikia. Walio wakarimu kuliko wote ni Disney, kampuni ya panya wa katuni: chupa mbili za mvinyo au bia sita kwa kila mtu mzima, na ruhusa hiyo hujirudia katika kila bandari meli inapotia nanga. Kwa maneno mengine, mtu anayetaka kunywa vyake baharini kwa uhuru akapande meli ya watoto.

Pombe kali ni marufuku kwa hao wote niliowataja. Hata maji yana historia yake. Julai 2015 Carnival ilikataza abiria kuingia na maji na soda za chupa, kwa sababu watu walikuwa wanamwaga maji, wanatia jini, kisha wanafunga upya kwa vifuniko vipya vilivyonunuliwa mtandaoni. Tangu hapo unaruhusiwa vya makopo au boksi za karatasi tu, visivyozidi 12 kwa mtu. Mtoto wako akililia maji ya chupa pale gatini, mweleze kuwa yalinywewa na wajomba.

Hatua ya pili ni vifaa. Marekani ni nchi inayoheshimu biashara, kwa hiyo ulanguzi nao una duka lake. Bidhaa inayotamba ni mfuko laini wa plastiki uitwao Rum Runner, wenye kifuniko cha kuzungusha, unaouzwa kwa seti pamoja na faneli yake. Msomaji wa Tanzania hahitaji picha: hicho ni kiroba kilichokua, kinachobeba mpaka lita moja hivi na kuuzwa kitupu. Serikali yetu ilipiga marufuku viroba vya pombe Machi 1, 2017, tukadhani tumeagana navyo. Kumbe vina ndugu zao ughaibuni, tena wenye makaratasi.

Sifa ya mfuko huo, kwa mujibu wa wanaouuza, ni kwamba hauna kioo wala chuma, haugongani na kitu, na unajikunja vizuri katikati ya nguo. Yote kweli. Ila mashine ya eksirei haitafuti kioo. Inaonyesha vitu kwa kadiri ya msongamano wavyo, na lita moja ya maji maji iliyolala kati ya fulana mbili huonekana kwenye skrini kama lita moja ya maji maji iliyolala kati ya fulana mbili.

Kwa wenye ubunifu zaidi kuna chupa bandia za losheni ya jua, mwavuli wenye mpini ulio wazi ndani, brashi ya nywele inayofunguka kichwa, na darubini ambayo jicho la kushoto ni la wiski na la kulia ni la ramu. Darubini siipendekezi kwa wenye familia. Pomboo wakitokea, mtoto ataiomba.

Halafu kuna mbinu kongwe, ile ya dawa ya kusukutua mdomo. Unamwaga dawa, unasuuza chupa, unajaza vodka, unadondoshea rangi ya chakula, matone mawili ya bluu na moja la kijani, mpaka ifanane. Imetumika miaka mingi mno. Mlinzi akikuta chupa tatu za aina hiyo katika sanduku la mtu mmoja anayesafiri siku tano, hafikirii habari za meno. Na hata ikipita, ladha ya mnanaa haitoki kwa kusuuza. Likizo nzima utakunywa kitu ambacho daktari wa meno angekuambia uteme.

Wacha nisimame kidogo hapa niwataje waliotutangulia, maana kazi hii ina wazee wake. Kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933 Marekani ilipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe. Wakati ule hakuna aliyeipeleka pombe melini. Watu waliifuata huko. Meli za nje zikishatoka kwenye maji ya Marekani zilifungua baa zao, na zilikuwepo safari kutoka New York zisizokwenda popote: meli inatoka, inazunguka baharini, watu wanalewa, inarudi. Mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa hata meli ya kigeni isiingie kwenye maji ya nchi hiyo na kileo, hata kama kimefungiwa stoo. Waingereza walinuna mpaka ulipopatikana mkataba mwaka uliofuata.

Upande wa pili walikuwepo wapitishaji wenyewe, na aliyevuma kati yao ni William McCoy. Alitia nanga nje ya mpaka wa maji, akawauzia wenye maboti yaendayo kasi. Huyu alikuwa fundi: aliachana na makreti ya mbao, akapanga chupa sita sita kwa umbo la piramidi, akazizungushia majani makavu na kuzishonea kwenye gunia, ili zichukue nafasi ndogo na zisivunjike. Husimuliwa kwamba yeye mwenyewe hakuwa mnywaji. Novemba 1923 walinzi wa pwani walimkamata na jahazi lake, Tomoka, akafungwa. McCoy alikuwa na jahazi, mabaharia na mtaji. Wewe una sanduku la magurudumu na faneli.

Turudi Galveston, siku ya safari. Masanduku makubwa unayakabidhi kwa wapagazi pale nje, yakiwa yamefungwa karatasi yenye namba ya chumba chako, na hutayaona tena mpaka yatakapoletwa mlangoni. Wewe unapanda na mkoba. Vaa uso wa mtu asiye na jambo. Kula, maana chakula umekwisha kukilipia. Juu kwenye sitaha muziki unapigwa, meli inang'oa nanga, mashangazi wanapiga vigelegele, na kwenye ujia wa vyumba masanduku yanaanza kuwasili moja moja. La shemeji limefika. La watoto limefika. Saa kumi na mbili jioni, lako bado. Saa moja, bado. Kisha unakuta karatasi mlangoni inayokuomba kwa adabu kubwa ushuke ghorofa ya chini.

Huko hawajaweka muziki. Ni chumba chenye taa nyeupe, meza ndefu, masanduku yamepangwa sakafuni kwa safu, na walinzi waliovaa glovu, mara nyingi watu wa Nepal, India au Ufilipino, wapole kupita kiasi. Mezani kuna vitu vilivyokwisha kamatwa: pasi, birika za umeme, nyaya za kugawa umeme, mishumaa, maana meli inaogopa moto kuliko inavyoogopa walevi. Na kwenye foleni, mbele yako, amesimama Mama Mchungaji.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wameichukua pasi yangu. Nilitaka ninyooshe kitenge cha kesho. Na wewe ni pasi?"

"Ndiyo, Mama. Pasi."

Wakati huo mlinzi ameshafungua zipu ya sanduku lako, amepita soksi, amepita taulo, na anainua juu, kwa vidole viwili, chupa ya kwanza ya bluu. Anakuuliza ni nini. Unasema dawa ya kusukutua. Anainua ya pili. Anainua ya tatu. Unasema tuna familia kubwa. Anafungua kifuniko, ananusa, anaifunga taratibu, kisha anakuonyesha mahali pa kutia sahihi. Mama Mchungaji hasemi kitu. Atakisema Houston, kwenye kikundi cha maombi, bila kumtaja mtu jina.

Fanya hivi wakati huo: tia sahihi, shukuru, ondoka. Usibishane. Usiseme unamjua mtu. Usimpe mlinzi chochote mkononi. Kamera iko juu ya kichwa chake, na kibarua chake kina thamani kuliko vodka yako. Pombe iliyokamatwa siku ya kupanda huwa inamwagwa na hakuna fidia. Na ukisoma masharti ya tiketi utakuta kampuni imejiwekea haki ya kukushusha. Hapo ndipo utajua bei halisi ya kokteli: ni tofauti kati ya dola 15 na tiketi ya ndege ya siku hiyo hiyo kutoka Cozumel.

Tuseme umepita. Hutokea, masanduku ni maelfu na walinzi ni binadamu. Sasa unayo lita yako ndani ya kabati, na likizo yako imegeuka zamu ya kazi. Vodka haiwezi kunywewa tupu, kwa hiyo unahitaji kitu cha kuchanganyia, na hapo unaanza safari za kwenda mahali pa chakula cha bure kujaza kikombe chako cha safari maji ya limau na barafu, kupanda, kushuka, kufunga mlango, kumimina, kuziba, kuficha. Anayesafisha chumba anaingia kila siku, kwa hiyo mfuko unahama: leo kwenye buti, kesho nyuma ya maboya ya kujiokolea. Ukienda kaunta ukaagiza soda na kipande cha ndimu kwa mara ya sita, ukirudi kila mara macho yakiwa mekundu zaidi, mhudumu atakutabasamia. Amefanya kazi hiyo miaka mingi. Anajua kuliko mkeo.

Na wenzako wako juu sitahani, upepo unavuma, jua linazama kwenye Ghuba ya Mexico. Wewe uko kwenye chumba kisicho na dirisha, umekaa ukingoni mwa kitanda, unakunywa chako. Hivyo ungeweza kufanya Houston, ukiwa umejifungia gereji, bure.

Kuna jambo moja nitalisema bila utani. Aliye kaunta anaweza kukuangalia akakataa kukuongezea. Chumbani hakuna anayehesabu, na kwenye vyumba vyenye roshani, nje ya mlango kuna kizuizi kinachofika kifuani tu na maji chini yake. Wanaokunywa kwa kujificha hunywa kwa haraka. Nimemaliza, tuendelee.

Cozumel. Hapa kila duka linakuonjesha tekila, na mtu anayekuonjesha anakuita rafiki. Utanunua. Ukirudi melini, chupa inapita tena kwenye eksirei, inachukuliwa, unapewa stakabadhi, na utakabidhiwa mwisho wa safari, wakati ambapo haina faida kwako ila kubebwa. Hivyo hivyo kwa ile uliyonunua kwenye duka la melini lisilotoza ushuru. Na usidhani yamekwisha. Ukishuka Galveston kuna forodha ya serikali kuu, inayokuruhusu lita moja bila ushuru kutoka Mexico, na pembeni yake kuna maofisa wa tume ya vileo ya jimbo la Texas, ambao kazi yao ni kukutoza kodi ya jimbo kwa chupa uliyoibeba. Umezunguka bahari nzima kukwepa bili ya baa, umekuja kulipa kodi gatini.

Wapo watakaokushauri ununue kifurushi cha vinywaji, ulipe mara moja ustarehe. Kile cha Carnival kina ukomo wa vinywaji 15 vyenye kileo kwa saa 24, kikomo ambacho baadhi ya watani zangu wamekisoma kama lengo. Bei yake ni zaidi ya dola 60 kwa siku kabla ya bakshishi, na akinunua mtu mzima mmoja, watu wazima wote wa chumba hicho lazima wanunue. Maana yake, ukiwa na mke mlokole, naye atalipiwa. Kwa siku tano ni zaidi ya dola 700 kwa watu wawili, na ili mzirudishe, mama huyo itabidi anywe kapuchino mpaka asilale.

Hukumu yangu, kwa mtu anayekunywa glasi mbili jioni, ni kwamba ulanguzi haulipi na kifurushi hakilipi. Nunua glasi unayoitaka, unapoitaka, na usizungushe meza. Kisha tumia haki yako ile moja: beba chupa yako ya mvinyo iliyofungwa, mililita 750, kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye sanduku, pamoja na kitambulisho kinachoonyesha umetimiza miaka 21, na hakikisha kwanza masharti ya kampuni yako hayajabadilika. Ifungulie chumbani. Ukiipeleka mezani, kwenye ukumbi wa chakula, wanaweza kukutoza dola 15 za kizibo.